Kifungo cha Nane

Mpiga picha aliingia kituoni saa tatu asubuhi, Jumanne, amekumbatia bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mji mzima ulimwita Cheka Kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa mbele ya kamera yake bila kuambiwa maneno hayo mawili. Asubuhi hiyo yeye mwenyewe hakuwa na hata robo ya cheko.

"Nataka ulinzi, Afande," alisema kabla hajakaa.

Inspekta alimwonyesha kiti. Kituoni walimwita Rula, ingawa si mbele yake, kwa kuwa hakusoma karatasi yoyote bila kuweka rula ya mbao chini ya mstari anaousoma. Alidai macho ni mavivu, yanapenda kuruka. Pembeni yake alikaa koplo, mtu mzima aliyebakiza miezi mitano astaafu, kalamu mkononi, tayari kuandika maelezo.

"Ulinzi dhidi ya nani?"

"Yule mama fundi. Mama Chiriku." Cheka Kidogo alimwaga kilichokuwamo kwenye bahasha. "Wiki ya nne hii. Kila Jumatatu nikifika studio nakuta ukurasa mmoja umepenyezwa chini ya mlango."

Zilikuwa kurasa nne za karatasi ngumu ya manila, kila moja imebandikwa picha na vikorokoro kwa ustadi wa kutamanisha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mtoto mchanga: picha, nakala ya utepe wa hospitali wa mkononi, na kisoksi kimoja kisichozidi kidole gumba. Wa pili ulikuwa wa darasa la kwanza: picha ya mtoto asiye na meno ya mbele, kipande cha penseli kilichotafunwa, na maneno yaliyokatwa kutoka kwenye nakala ya ripoti ya shule, "Anaongea mno darasani." Wa tatu ulikuwa wa miaka kumi. Wa nne ulikuwa na picha ya msichana wa miaka kumi na sita, amesimama mlangoni kwao na sare ya shule, anacheka na mtu asiyeonekana. Chini yake palibandikwa tiketi ya maktaba, na kando ya tiketi palikuwa na nafasi ya mraba isiyo na kitu.

Rula alimjua msichana yule, Chiriku, binti wa fundi. Miezi kumi na moja iliyopita alimkuta chini ya jengo lisilokamilika nyuma ya soko, amelala kwenye kokoto, na baada ya siku tisa alifunga faili kwa neno moja: ajali. Msichana alipanda ghorofani kuchezacheza, akateleza. Mama yake alikuja kituoni mara nne kupinga. Mara ya nne Rula alimwambia aende nyumbani akapumzike.

"Kuna tishio gani hapa?" aliuliza. "Sioni neno la kutisha."

"Afande, mtu anakuletea maisha ya marehemu mlangoni, kipande kwa kipande, unadhani anakusalimia? Kichwa kimemruka yule. Nilimpiga picha mtoto wake mara mbili tatu tu, basi, za shule."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Wiki mbili kabla hajafa. Nilishasema wakati ule, mliandika." Alijifuta shingo. "Mimi naomba mwende kwake mpekue. Mchukue karatasi, gundi, picha, vitambaa vyote, mmwonye aache. Mtu ana huzuni, sawa, lakini asitumalize na sisi."

Koplo aliandika, akamsogezea asaini. Rula hakuwa anamsikiliza sana. Aliinamisha ukurasa wa nne dirishani. Kwenye ile nafasi ya mraba gundi ilikuwa imekauka ikang'aa, na pembezoni mwake zilinata nyuzi tatu za kijani, fupi kama kope.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Sijui. Ulikuja hivyohivyo."

Alimsindikiza hadi studio kuona huo mlango. Ilikuwa chumba kimoja kirefu, pazia lililochorwa maporomoko ya maji ukutani, na mbele yake jukwaa la mbao la kusimamia wateja, limefunikwa zulia jekundu lililogongwa misumari ya vichwa vya shaba. Pembeni ulisimama mkokoteni wa kubebea mapazia. Zulia lilikuwa jipya kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

"La zamani liliharibika kwa maji," alisema Cheka Kidogo, ingawa hakuulizwa.

"Lini?"

"Mwaka jana. Mwezi sikumbuki."

Rula aliangalia dari. Bati halikuwa na doa hata moja la mvua. Aliaga akaondoka.

*

Koplo alikuwa na rai yake. "Tumkamate mama wa watu, tumpe onyo, tule chakula cha mchana kwa amani."

"Yale maneno ya ripoti ni mwandiko wa nani?"

"Wa mwalimu wa hesabu. Yumo kwenye faili. Aah!" Koplo alisimama. "Kumbe ndiye anayemsaidia mama kumtia mwenzake wazimu!"

Ilikuwa njia ya kufuata, wakaifuata. Mwalimu wa hesabu waliyemkuta nyumbani, likizo, alikuwa mtu mnene mpole aliyefungua mlango na chaki bado iko nyuma ya sikio. Rula hakumaliza hata swali lake la kwanza. Ukutani, juu ya redio, zilining'inia kurasa nne za manila ndani ya fremu za kioo.

"Nawe umeletewa?"

"Tumeletewa wengi, Afande. Mwandiko ni wangu, ndiyo, mama kakata nakala ya ripoti ya mwanawe." Alicheka, kisha akaitoa ile chaki sikioni. "Nilimwandikia anaongea mno. Ningejua, ningemwacha aongee."

Rula alisogea kwenye fremu ya nne. Picha ilikuwa ileile, msichana mlangoni. Tiketi ya maktaba iliyonakiliwa ilikuwepo. Na kando ya tiketi, pale ambapo kwa mpiga picha palikuwa patupu, palibandikwa kipande cha kitambaa cha kijani chenye majani madogo ya manjano, kimekatwa pembezoni kwa ule mkasi wa mafundi wenye meno, unaozuia kitambaa kisifumuke.

"Hiki ni nini, Mwalimu?"

"Hicho? Nadhani pazia la chumbani kwake. Kizuri, sivyo?"

Mwingine aliyeletewa alikuwa shoga yake Chiriku, waliyekaa dawati moja. Alizitoa kurasa chini ya godoro, zimefungwa kwa utepe. Kitambaa kilikuwepo. "Ni skafu, nadhani. Lakini sikuwahi kumwona nayo." Fundi viatu wa mkabala na shule aliziweka ndani ya boksi la viatu vipya, akasema kile ni foronya, tena alikitetea kwa nguvu kana kwamba ndiye aliyeinunua. Mwenye duka la madaftari alikuwa amezibandika nyuma ya kaunta, akawa analia wakati huohuo akihudumia wateja, naye alisema kitambaa cha meza.

Waliporudi barabarani Koplo alihesabu majibu kwa vidole.

"Watu watano," alisema Rula. "Wanne wameona zawadi. Mmoja ameona tishio."

"Na mmoja kabandua kitambaa."

"Ndiye huyohuyo." Alitazama saa. Ilikuwa inakaribia saa saba. "Niache kwa fundi. Wewe nenda kwa hakimu, uombe hati ya upekuzi wa studio. Mwambie ni mimi niliyekosea faili la mwanzo, nataka kulirekebisha. Atafurahi, hanipendi."

*

Mama Chiriku alikuwa na chumba kimoja cha kushonea, vyerehani viwili, na meza ya kukatia iliyotawaliwa na manila, gundi na vipande vya picha. Alikuwa mwanamke mwembamba, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Alimwona Rula mlangoni akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto chake kidogo bila haraka.

"Umenijia leo," alisema. "Nimekufuata mara nne. Kaa, kama utapata pa kukaa."

Rula alibaki wima. "Mama Chiriku, nataka kujua kuhusu kitambaa cha kijani."

Mkono wa fundi ulisimama juu ya kimto cha pini.

"Nani amekibandua?"

"Sikusema kimebanduliwa."

"Usingekuja." Mama alivuta stuli akakaa, na macho yake yalikuwa makavu, makali. "Basi amejitokeza. Mungu wangu. Mwaka mzima kasoro mwezi mmoja."

"Nieleze kuanzia mwanzo. Taratibu."

"Mwanangu alikuwa na siku yake ya kuzaliwa wiki ileile. Nikamshonea gauni. Kitambaa nilikipata kidogo, mabaki ya jora, hakuna mteja wangu aliyeshonewa kile, si kabla wala baada. Nilimaliza asubuhi ile, saa kumi na mbili, taa bado inawaka. Akalijaribu hapa, akazunguka, akaniambia, 'Mama, nina safari yangu ya siri leo, utaipenda.' Akalikunja akalitia kwenye mfuko wa vitabu, akaondoka na sare. Hakuna binadamu mwingine aliyeliona lile gauni. Mimi na yeye basi."

"Na gauni halikupatikana."

"Mlinirudishia mfuko wa vitabu hauna gauni. Nilikwambia. Ulisema labda alimwazima rafiki." Alisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Nikakwambia na la shati. Unakumbuka la shati?"

Rula alikumbuka. Alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe, mstari wa kumi na moja, akauwekea rula akapita: *shati la sare limefungwa kombo, vifungo vimepishana.*

"Ni mtoto wa fundi yule," alisema mama. "Tangu ana miaka minne hajawahi kukosea kifungo. Aliyefunga lile shati si yeye. Kuna mtu alimvua gauni langu, akamvalisha sare, mikono ikimtetemeka. Mimi nikamkabidhi serikali habari hiyo, serikali ikaniambia nikapumzike. Basi sikupumzika."

Alinyoosha mkono mezani akagusa kurasa.

"Nikasema, hiyo safari ya siri ilikuwa ya karibu, mtoto alienda kwa miguu. Nikaandika watu wote aliowajua kati ya hapa na lile jengo. Nikawatengenezea mwanangu. Niliwapa tangu anazaliwa, wamwone vizuri, wajue wamemla nani. Na mwisho nikaweka kipande cha gauni. Asiyelijua ataona pambo. Anayelijua nyama zitamcheza."

"Na akishajitokeza, ulipanga nini?"

Fundi alifungua droo. Mkasi mkubwa wa kukatia ulikuwa umelala juu ya kitambaa cheupe, umenolewa mpaka ncha zake zilikuwa nyembamba kama sindano za godoro.

"Nilipanga hiki," alisema. "Sitakudanganya. Sina mwingine wa kumlea, sina ninachookoa. Nilitaka anione usoni, basi."

"Nipe huo mkasi."

Alimpa. "Nina mingine sita."

"Mama Chiriku..."

"Hukumtaja, lakini nitamjua. Ni watano tu. Nitazunguka kwao leo, nitaangalia kurasa zangu, ambaye hana kipande ndiye." Alitazama saa ya ukutani. "Au unataka kuniomba nikapumzike tena?"

Rula aliona kosa lake palepale. Amekuja kuuliza, na kwa kuuliza amempa mwenye kisasi alichokuwa amekisubiri. Angeweza kumfunga pingu. Aliwaza pingu kwenye mikono ile, akaona aibu.

"Nipe hadi saa kumi," alisema.

"Nilikupa mwaka mzima."

"Nipe saa tatu nyingine. Ukimgusa wewe, watakufunga wewe, na yeye atazikwa kama mtu mwema, watu watalia, watasema alikuwa anachekesha watoto. Ndivyo unavyotaka aandikwe?"

Fundi aliinama. Aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni.

"Saa kumi kamili," alisema mwisho. "Nitakuja kituoni kwanza. Nisipomkuta amefungiwa, nitaendelea na mzunguko wangu." Kisha akaongeza, kama mtu aliyesahau chenji, "Na bahasha yangu je, uliifungua?"

"Bahasha ipi?"

"Walioletewa si watano, Afande. Ni sita. Wa sita ni wewe. Zako nilizitia zote kwenye bahasha moja nikaiacha kaunta Jumatatu ya wiki iliyopita, kwa sababu najua hampendi kusumbuliwa."

*

Ilikuwa chini ya trei ya barua, imelaliwa na majalada matatu na gazeti la michezo la Koplo. Bahasha ya kaki, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Siku nane. Rula aliipasua akiwa amesimama.

Kurasa nne, sawa na za wengine, isipokuwa wa mwisho. Kwenye wa mwisho, juu ya kipande cha kijani, palikuwa pameshonwa kifungo kilichovishwa kitambaa kilekile, jani moja la manjano katikati kabisa. Chini yake fundi aliandika kwa penseli ya kuchorea nguo: *Nilivisha vinane. Saba vilienda kwenye gauni. Fundi hubakiza kimoja cha akiba.*

Alikaa. Alitoa faili la zamani kabatini, akaweka rula chini ya mstari wa kumi na moja, akausoma mara mbili. Kisha akampigia simu Koplo, aliyekuwa tayari studio na hati mkononi.

"Ng'oa zulia," alisema. "Angalia kwenye nyufa za jukwaa. Tafuta kifungo cha kijani chenye jani la manjano."

"Na bwana mwenye studio?"

"Mtume kwangu kwanza, kabla hujamwonyesha hati. Mwambie nampa ule ulinzi."

Cheka Kidogo alifika saa tisa na dakika tano, amechangamka. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha la juu. Mezani Rula alipanga kurasa nne za mpiga picha, na kando yake karatasi ya maelezo aliyosaini asubuhi.

"Umeshampekua?" aliuliza mpiga picha.

"Nimefika kwake. Nina swali dogo la kuweka sawa." Aliweka rula kwenye maelezo. "Hapa umesema tuchukue 'karatasi, gundi, picha, vitambaa vyote.' Saini yako hii?"

"Ndiyo."

"Kwenye kurasa ulizoniletea kitambaa kiko wapi?"

Alitazama kurasa. "Si... yule ni fundi. Nyumba ya fundi itakosaje vitambaa?"

"Kweli kabisa." Rula alitoa kwenye droo ukurasa wa nne aliouazima kwa mwalimu, bado uko ndani ya fremu, akausimamisha mbele yake. "Huu ni wa mwenzako. Wote wanne wana kipande hiki. Chako kimeenda wapi?"

Nje mtu aliburuta benchi.

"Sawa," alisema. "Nilikibandua. Nilishindwa kukitazama. Hebu nawe fikiria, mtu akubandikie gauni la marehemu mlangoni kwako asubuhi asubuhi!"

"Gauni?"

"Kitambaa, gauni, vyovyote."

"Hapana, si vyovyote. Mwalimu amesema pazia. Shoga yake amesema skafu. Fundi viatu foronya, mwenye duka kitambaa cha meza. Wamemjua mtoto yule miaka, hakuna aliyemwona na gauni hilo, kwa sababu lilishonwa alfajiri ya siku aliyokufa na likaondoka nyumbani ndani ya mfuko. Wewe ulimwona mara ya mwisho wiki mbili kabla. Umelionea wapi?"

"Nimebuni! Mama yake fundi, kitambaa cha maua..."

"Majani."

"Majani, haya! Nimebuni. Kubuni ni kosa?"

Hakuwa mjinga. Rula alijua wakili wa mwaka wa kwanza tu angetosha kulipangusa neno lile. Alitazama saa. Saa tisa na nusu. Aliuliza habari za zulia, akajibiwa maji. Aliuliza maji yalitoka wapi kwenye bati zima, akajibiwa ndoo ilimwagika. Aliuliza kwa nini ndoo moja ibadilishiwe zulia zima, akajibiwa ni haki ya mtu kupendezesha ofisi yake. Saa tisa na dakika arobaini. Aliuliza upya kila kitu kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na mtu yule alianza kupata nguvu, hata akaegemea kiti.

"Afande, tuseme ukweli," alisema. "Faili mlifunga wenyewe. Mliandika ajali. Leo mnataka mtu wa kumbebesha?"

"Niliandika mimi," alisema Rula. "Na nilikosea."

Saa tisa na dakika hamsini mlango uligongwa. Koplo aliingia magoti ya suruali yamejaa vumbi, akaweka mezani kifuko cha nailoni. Ndani yake, kimevaa vumbi na uzi uliokatika, kilikuwemo kifungo.

"Ubao wa tatu kutoka ukutani," alisema. "Mbao zimesuguliwa kwa dawa mpaka zimepauka, lakini ndani ya nyufa hakusugua."

Rula alifungua ukurasa wake wa nne, ule wa bahasha ya sita, akauweka kando ya kifuko. Kifungo kwa kifungo, jani kwa jani. Cheka Kidogo alivitazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe akiikataa.

"Vilikuwa vinane duniani," alisema Rula. "Kimoja kimebaki kwa mama. Hiki kilitoka kwenye mwili wa mtoto, chini ya zulia lako. Sasa niambie, baada ya hapo nani alimfunga shati la shule?"

Mpiga picha aliacha kuvitazama vifungo. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaitoa juu ya meza, akaificha mapajani. Ndipo Koplo, bila kuambiwa, alipofungua daftari.

"Alitaka kumpa mama yake picha," alisema mpiga picha, chini kwa chini. "Akiwa na gauni jipya. Ilikuwa siri. Nikampiga moja, mbili... nikamwambia akae kidogo. Akasema anakwenda, atamwambia mama yake. Nikasimama mlangoni. Nilimshika tu. Akajivuta, akaangukia kisogo kwenye ukingo wa jukwaa. Sikukusudia."

"Na ulipombeba kwenye mkokoteni wa mapazia hadi kwenye lile jengo?"

Aliinamisha kichwa.

"Hukukusudia? Na kumvalisha sare? Na kumrusha?"

"Alikuwa ameshakufa!"

"Daktari aliandika alikufa kokotoni," alisema Rula. "Mstari wa kumi na tisa. Huo sikuuruka."

Koplo aliacha kuandika. Mpiga picha alifungua mdomo akaufunga, na kwa mara ya kwanza siku ile alilia. Rula alimwangalia akilia, na hakuona huruma hata ya kuazima.

*

Saa kumi kamili Mama Chiriku alisimama kaunta. Alivaa nguo ya kutokea, amebeba mkoba wa kazi kwapani. Rula alitoka mwenyewe kumpokea, akanyoosha mkono. Mama alifungua mkoba, akatoa mkasi, akamkabidhi bila kuombwa.

"Ni nani?"

"Mpiga picha."

Alitikisa kichwa polepole. "Picha," alisema. "Alikwenda kunipigia picha." Kisha akauliza: "Ziko wapi?"

"Amezichoma. Gauni pia."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na maombolezo. "Nataka kumwona."

Sheria haikuruhusu. Rula aliitafakari sheria kwa muda wa hatua mbili, kisha akamwongoza hadi chumba cha mwisho cha ukumbi, ambako Koplo alikuwa amemsimamisha Cheka Kidogo ukutani, pingu mkononi, kibao cha namba kifuani, ili apigwe picha ya faili. Koplo hakuwa mjuzi wa kamera. Aliigeuzageuza.

Mpiga picha alimwona mama mlangoni.

"Mama Chiriku, nisamehe, mimi..."

"Nyamaza. Utaongea mahakamani, watakulipia wakili." Alitoa kwenye mkoba ukurasa mmoja wa manila. Ulikuwa mweupe mtupu, umebandikwa pembe nne za kushikia picha, na katikati hapakuwa na kitu. "Huu ni wa miaka kumi na saba. Nilimwekea nafasi. Mwakani nitakuletea wa kumi na nane, mtupu. Mwaka unaofuata wa kumi na tisa. Siku yake ya kuzaliwa, kila mwaka, popote watakapokuweka, nitaupenyeza chini ya mlango. Atazeeka humo mikononi mwako, na hutaiona sura yake."

Cheka Kidogo alijaribu kugeuza uso. Koplo alimrudisha kwa kidole kimoja kidevuni.

"Vifungo saba nilivishona kwa mkono wangu," alisema mama. "Cha nane nilimpa Inspekta akutunzie. Hicho ni chako, na hakifunguki."

Koplo hatimaye alipata kibonyezo. Aliinua kamera usawa wa macho. Mtu wa ukutani alitetemeka midomo, machozi na makamasi yanamshuka, kibao kimeinamia upande.

Mama Chiriku alisogea hadi kando ya kamera, pale anaposimama mpiga picha. Alimnyooshea ule ukurasa mtupu usawa wa kifua, pembe zake nne zikimtazama.

"Inua uso," alimwambia. "Cheka kidogo."